Lulusia na Jina la Bwana Vernon

Huku Matulo, karibu na Webuye, kuna kichaka ambacho sijaona mtu akikipanda kwa urembo, lakini bado utakiona kwenye mipaka ya mashamba. Kwa Kibukusu ni kumululusia. Sisi vijana tumekata jina, tunasema lulusia tu. Ndani yake kuna lile neno letu la uchungu, -lulu (si lulu ya baharini), na ukitafuna jani moja hutahitaji kamusi. Waluo wanasema olusia. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wanasema omululuza. Kijaluo hata si Kibantu, lakini jina lilivuka, bila shaka pamoja na dawa yenyewe.

Maua yake ni meupe, madogo, yamejikusanya kwa vishada, na nyuki wanayajua. Nilipiga picha ya simu, programu ikanipa jina: Gymnanthemum amygdalinum. Kukhu akaniuliza, "Hilo ni jina la mtu?"

Hilo si la mtu. Lile la zamani ndilo lilikuwa la mtu. Mfaransa Frédéric Cailliaud alisafiri kando ya Nile hadi Sudan kati ya 1819 na 1822, akarudi na mimea iliyokaushwa. Mwenzake Delile, aliyewahi kwenda Misri na jeshi la Napoleon, akaichambua, na mwaka 1826 akachapisha jina Vernonia amygdalina. Amygdalina ni kwa sababu majani yalimkumbusha mlozi. Vernonia ni kwa heshima ya William Vernon, Mwingereza aliyekusanya mimea Maryland, Marekani, mwaka 1698. Huyo bwana na lulusia wanahusiana wapi? Hawahusiani.

Jamaa zake pia wapo hapa. Kuna auriculifera, mwenye majani mapana na maua ya zambarau hafifu. Halafu kuna yule mgeni wa maua ya njano yanayofanana na alizeti, Tithonia, mwenye asili ya Mexico na nchi za jirani yake. Ni wa ukoo mmoja na lulusia, ingawa ni binamu wa mbali. Alipofika na uchungu wake, Waluhya wakamwita maua amalulu. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno waligundua kwamba majani yake mabichi yakifukiwa shambani yanarutubisha udongo, na mgeni akapata kazi. Lulusia, mwenyeji, inang'olewa kila ardhi inapogawanywa, nguzo na waya zikachukua nafasi yake.

Mwaka 1999 Harold Robinson wa Smithsonian alipanga upya ukoo huu, na mimea mingi ya Afrika ikatolewa kwenye Vernonia. Jina hilo likabaki zaidi na mimea ya Amerika, alikopita Bwana Vernon mwenyewe. Yetu ikawa Gymnanthemum, kutoka Kigiriki: ua lililo uchi. Kwa Kukhu hakuna kilichobadilika.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo labda nina upendeleo, lakini sehemu ninayoipenda zaidi ya historia hii iko Mahale, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1987, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, analala-lala. Akavunja chipukizi la kichaka hiki, akamenya gome na majani, akatafuna kiini, akanyonya maji yake na kutema nyuzi. Kwa kawaida sokwe hawali mmea huu. Kesho yake mchana alikuwa amepata nguvu na hamu ya kula.

Kalunde, Mtongwe anayejua mitishamba, aliutambua papo hapo. Kwao unaitwa mjonso, na ni dawa ya tumbo. Baadaye maabara zilipata ndani ya kiini kemikali zilizopewa jina vernonioside, na kwenye majani vernodalin, yenye sumu kali zaidi. Kumbe Chausiku alikuwa na sababu ya kuyatupa majani! Na Bwana Vernon, aliyefukuzwa kwenye jina la mti, amebaki kwenye kemikali zake.

Makala ilitoka mwaka 1989 kwenye jarida la Primates. Juu yake kuna waandishi wawili: Huffman na Seifu.