Siku Majina Yalipofichwa

Juma hili, ndugu msikilizaji, naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Rafiki yangu mmoja, mtu wa mizaha, alinialika kwake akaniwekea bilauri mbili za divai nyeupe. Moja aliimimina mbele yangu kutoka katika chupa yenye lebo ya Kifaransa, nyingine kutoka katika jagi la jikoni. Nilionja, nikafumba macho kama mjuzi, nikaisifu ya kwanza na kuikejeli ya pili. Kumbe zote zilikuwa divai ile ile! Nilicheka pamoja na wengine, lakini moyoni nilifedheheka.

Nilipata faraja nilipokumbuka kwamba wakubwa kuliko mimi walifikwa na jambo kama hilo, tena mjini Paris.

Ilikuwa tarehe 24 Mei, 1976. Mwingereza Steven Spurrier, mwenye duka la divai mjini humo, na mwenzake Mmarekani, Patricia Gallagher, waliandaa shindano katika Hoteli ya InterContinental. Marekani ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru, nao wakataka Wafaransa wazionje divai za California. Kwa divai nyeupe zilipangwa 10, zote za zabibu aina ya Chardonnay: 6 za California na 4 za Burgundy, jimbo la Ufaransa ambako ndiko asili ya zabibu hiyo. Waamuzi Wafaransa walikuwa 9, watu wazito: wenye migahawa mashuhuri, wenye mashamba ya mizabibu na wakuu wa shughuli za divai. Majina yote yalifichwa.

Kuonja ni kazi yenye utaratibu. Kwanza jicho hutazama rangi. Kisha pua hutafuta harufu: ya tofaa, ya limau, au ya siagi na mbao za mwaloni zilizotengeneza pipa. Halafu funda hushikiliwa kinywani ili kupima uchachu na uzito. Mwisho mwamuzi hujiuliza kama vyote vimepatana, ndipo atoe alama, siku hiyo juu ya 20. Na Chardonnay ni mtihani mgumu, kwa sababu zabibu hiyo yenyewe haina makeke. Hupokea tabia ya udongo, ya hali ya hewa na ya mkono wa mtengenezaji.

Mwandishi wa habari alikuwa mmoja tu, George Taber wa gazeti la Time, naye alikuwa na orodha ya majina mkononi. Basi alimsikia Raymond Oliver, mpishi maarufu, akipiga funda na kufurahi kwamba sasa amerudi Ufaransa. Taber akatazama orodha: ilikuwa divai ya California. Mwamuzi mwingine aliidharau divai moja kwamba haina harufu, hivyo bila shaka ni ya California. Ilikuwa Bâtard-Montrachet, moja ya fahari za Burgundy!

Alama zilipojumlishwa, ya kwanza ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, kutoka California, kwa alama 132. Meursault-Charmes ya Roulot ilifuata kwa 126.5. Mtengenezaji wa hiyo ya kwanza alikuwa Mike Grgich, mhamiaji mzaliwa wa Croatia. Mwamuzi mmoja, Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama, Spurrier akakataa. Mwaka 1996 chupa ya divai ile iliingizwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Tuwe waadilifu. Mafunda machache ya mchana mmoja hayawezi kumaliza ubishi wa mataifa mawili, na waamuzi wenyewe walitofautiana. Lakini hatukuhitaji kujua nani bingwa wa milele. Tulichojifunza ni kwamba jina likiondolewa, hata bingwa hubaki na ulimi wake tu.

Na zabibu yenyewe ina la kutuambia. Mwaka 1999 wataalamu wa vinasaba walitangaza kwamba mzazi mmoja wa Chardonnay ni Pinot, zabibu ya heshima, na wa pili ni Gouais Blanc, zabibu ya makabwela, iliyodharauliwa hata ikapigwa marufuku katika sehemu kadhaa.

Wahenga walisema chema chajiuza. Siku hizi nasita kidogo. Divai ya Grgich ilikuwa njema hata kabla ya mchana ule, ila wakubwa wa Paris hawakuihesabu mpaka jina lake lilipofichwa.

Rafiki yangu amenialika tena Jumapili. Nimemwomba kitu kimoja tu: safari hii azifunike chupa zote.