Baki Lazima Liwe Moja

Chukua namba hii ya akaunti ya Ubelgiji, inayotumika sana kufundishia: 539-0075470-34. Gawanya tarakimu kumi za mwanzo, yaani 5390075470, kwa 97. Baki ni 34, na hizo ndizo tarakimu mbili zilizowekwa mwishoni. Kabla Ulaya haijakubaliana juu ya namba moja ya kimataifa, akaunti za Wabelgiji zilikuwa tayari zinabeba uthibitisho wake zenyewe. Aliyekosea tarakimu moja alijulikana hapo hapo, pesa zikiwa bado hazijaondoka.

Wazo lenyewe halikuanzia Ubelgiji. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM huko Marekani, aliomba hataza ya kifaa kidogo cha mkononi cha kukagua namba, na akaipata mwaka 1960. Hesabu yake ndiyo inayolinda namba za kadi za benki hadi leo. Lakini ina tundu: anayeandika 90 badala ya 09 hupita bila kukamatwa. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya Mholanzi Jacobus Verhoeff, aliyeuliza kwanza watu hukosea vipi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969, alichambua makosa yaliyokusanywa kwenye huduma za posta za Uholanzi. Karibu makosa manane kati ya kumi yalikuwa ya tarakimu moja tu, na karibu moja kati ya kumi yalitokana na tarakimu mbili jirani kubadilishana nafasi. Mtego wowote wa maana ulipaswa kuyanasa hayo mawili kabla ya mengine.

Kila nchi iliendelea na mtindo wake. Uingereza ilikuwa na tarakimu 6 za tawi na 8 za akaunti, Ujerumani 8 za benki na hadi 10 za akaunti, na Ufaransa ilikuwa na ufunguo wake wa uhakiki wa tarakimu mbili. SWIFT, iliyoundwa Brussels mwaka 1973, ilianza kupitisha ujumbe wa mabenki mwaka 1977 na kuharakisha mawasiliano. Lakini ujumbe kufika haraka hakukumsaidia karani wa Milano kujua kama akaunti ya Hamburg imeandikwa sawasawa. Malipo yaliyokosewa yalikwama, yakarekebishwa kwa mkono, na gharama mara nyingi ikamwangukia mteja.

Kiwango cha ISO 13616 kilitoka mwaka 1997, kikaleta namba ya kimataifa ya akaunti, IBAN. Busara yake ni kwamba hakikufuta namba ya nchi yoyote. Kila taifa lilibaki na namba zake, zikatanguliwa na herufi mbili za nchi na tarakimu mbili za uhakiki. Kwa hiyo urefu unatofautiana: Norwei 15, Ujerumani 22, Malta 31, na mwisho kabisa ni 34. Urefu ndio hukaguliwa kwanza, kwa kufuata orodha inayotunzwa na SWIFT.

Kisha inakuja hesabu. Ile akaunti yetu ya Ubelgiji sasa ni BE68 5390 0754 7034. Hamisha BE68 uipeleke mwisho. Geuza herufi ziwe namba, A ikiwa 10 na Z ikiwa 35, hivyo B inakuwa 11 na E 14. Unapata 539007547034111468. Gawanya kwa 97: baki lazima liwe 1, na ndivyo lilivyo. Sasa kosea makusudi, uandike 7043 badala ya 7034. Baki linaruka hadi 50, na namba inakataliwa.

Siri iko kwenye 97, namba tasa kubwa kuliko zote zenye tarakimu mbili. Tarakimu moja ikikosewa, au mbili jirani zikipishana, baki haliwezi kubaki lile lile. Makosa yaliyovurugika zaidi yanaweza kupenya, kwa wastani mara moja katika 97.

Sheria ndiyo iliyoisukuma IBAN hadi kwa mwananchi wa kawaida. Umoja wa Ulaya ulianza kuunganisha ada za malipo na matumizi yake mwaka 2003, na kufikia Agosti 2014 malipo ya kawaida ya yuro yalilazimika kuitumia. Nchi za Ghuba nazo ziliingia, na Burundi imo kwenye orodha ikiwa na herufi na tarakimu 27. Tanzania na Kenya hazimo. Aliyeko Köln akitaka kutuma pesa Mwanza aandike namba ya akaunti kama benki ya huko ilivyoitoa, pamoja na msimbo wa SWIFT. Asibuni IBAN wala kuiomba kwenye programu inayodai kuitengeneza, kwani mwenye haki ya kuitoa ni benki yenyewe.

Kuna jambo ambalo 97 haiwezi kulijua: mwenye akaunti ni nani. Tapeli naye ana IBAN yenye baki la 1. Kwa miaka mingi sheria ya Ulaya ilihesabu kuwa benki imetimiza wajibu wake ikifuata namba, hata kama jina halikulingana, na mimi naona huo ulikuwa uzembe wa muda mrefu. Uingereza ilianza kulinganisha majina mwaka 2020. Benki za nchi za yuro zilishurutishwa kufanya hivyo bila malipo kuanzia tarehe 9 Oktoba 2025, miaka kadhaa baada ya watumiaji wa M-Pesa nchini Kenya kuzoea kuonyeshwa jina la mpokeaji kupitia huduma ya Hakikisha.

Chini ya utaratibu huo mpya, jina likikaribia kufanana, benki humwonyesha mtumaji lile lililosajiliwa. Lisipofanana humwonya, na uamuzi wa kutuma unabaki kwake. Waswahili tulioko Ulaya, wengi wetu tukiwa na majina matatu ambayo kila karatasi huyapanga kivyake, tuwape wanaotulipa jina kama lilivyo kwenye akaunti.