Shabaha Tunayo, ya Nini Malengo Janja?

Kijitabu cha mafunzo ya vijana kilichonifikia hivi karibuni kimeandikwa jaladani "Jiwekee Malengo Janja". Waliokitafsiri waliikuta SMART, wakakumbuka simujanja, wakaona kazi imekwisha. Hata upatanisho wa kisarufi hawakuujali. SMART ile ni herufi tano alizozipanga George Doran mwaka 1981 katika jarida la Management Review ili mameneja wasisahau masharti ya lengo zuri. Ujanja haumo. Tena kwa Kiswahili chetu mjanja ndiye hasa anayeikwepa ahadi yake.

Kamati niliyoipelekea pendekezo la neno jingine nayo ikashikilia kwamba A ni "yanayofikika", kana kwamba ndiyo asili. Doran aliandika A ya kukabidhika: ijulikane nani atawajibika. Kufikika kumeingizwa baadaye.

Neno tunalo, nalo ni shabaha. Lengo limetokana na kulenga kama wazo lilivyotokana na kuwaza, wala sitaki lifukuzwe. Ila limetanuliwa mno. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, mojawapo kuutokomeza umaskini. Neno lililobeba mzigo huo haliwezi tena kumbana mtu anayetaka kumaliza deni la dukani kabla ya Idi. Lengo limebaki kuwa upande alikoelekea mtu. Shabaha ni nukta.

Limetoka Kiarabu, katika mzizi uliotupa pia kushabihi na tashbihi. Kamusi za zamani huliandikia maana mbili, mfanano na kile kinacholengwa. Wapo wataalamu wanaouita huo mkanganyiko, na nashangaa wanasoma kamusi kwa jicho gani. Anayelenga sharti awe na sura ya kitu machoni kabla mkono haujanyanyuka. Maana zote mbili zimo katika tendo moja.

Nimeambiwa pia kwamba shabaha ni neno la bunduki. Kwa nani? Mtoto mwenye manati chini ya mwembe husifiwa kuwa ana shabaha, na mpiga penalti vilevile. Wanasifiwa hivyo kwa sababu neno lenyewe halina karibu-karibu: umepata au umekosa.

Utafiti nao uko upande huu. Edwin Locke na Gary Latham walijenga nadharia nzima juu ya tofauti kati ya kumwambia mtu "jitahidi uwezavyo" na kumwekea kiwango bayana kilicho kigumu. Madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Wakawekewa asilimia 94. Upakiaji ukapanda hadi karibu 90, bila nyongeza ya malipo. Ile asilimia 94 ndiyo shabaha, na sijaona neno lingine la Kiswahili linaloikaa vizuri zaidi.

Kwa matumizi: lengo langu ni kuweka akiba, shabaha yangu ni shilingi 50,000 kila mwisho wa mwezi hadi Desemba.

Pendekezo langu lilipigwa chini kwa kura, bila hoja hata moja kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Nimeliwasilisha tena kwa maandishi, na safari hii nimeomba nijibiwe kwa maandishi.