Paa la kuinuka

Paa la kuinuka ni paa la gari linaloweza kupandishwa gari likisimama na kushushwa kabla ya safari kuendelea. Likiwa chini, gari huwa fupi, hupita chini ya matawi na halisukumwi sana na upepo. Likiwa juu, watu waliomo ndani wanaweza kusimama, kulala au kutazama nje. Paa la namna hii hutumika katika magari ya utalii, mabasi madogo ya kulala na kempa za pikapu. Kempa ya pikapu ni chumba kidogo cha kulala kinachopakiwa juu ya bodi ya pikapu na kuteremshwa kisipohitajika.

Katika kempa nyingi paa hubebwa na mbao mbili za kukunja, moja mbele na nyingine nyuma. Mbao hizo ndizo huharibika mapema, hasa katika nchi za joto zenye mvua nyingi na hewa ya chumvi. Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi, kwa nini huoza na jinsi zinavyotengenezwa upya.

Historia

Basi dogo la Volkswagen Type 2 lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Kuanzia mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya nchi hiyo iliweka vifaa vya kulala na kupikia ndani ya mabasi hayo, na baadaye paa la kuinuka likawa alama yake. Nchini Uingereza kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone ilitengeneza magari yaliyoitwa Dormobile. Paa lake lilifungukia upande mmoja na kuvuta juu kitambaa chenye mistari.

Nchini Marekani wenye pikapu walitaka chumba cha kulala kisichofanya gari kuwa refu kwenda juu katika njia za milimani. Kampuni ya Four Wheel Campers, iliyoanzishwa mwaka 1972, ni miongoni mwa zilizoeneza kempa nyepesi yenye fremu ya alumini na paa linaloinuliwa kwa mikono.

Katika Afrika Mashariki aina inayojulikana zaidi ni paa la magari ya utalii. Nchini Kenya huonekana kwenye mabasi madogo kama Toyota HiAce, na nchini Tanzania kwenye Land Cruiser na Land Rover zilizorefushwa, nyingi zikitengenezwa katika karakana za Arusha. Paa la magari hayo husimama juu ya miguu ya chuma inayokunjwa, na pembeni huachwa wazi ili abiria waone wanyama na kupiga picha. Paa la kempa hufungwa pande zote kwa turubai, kwa sababu watu hulala ndani yake.

Jinsi linavyofanya kazi

Kila ubao wa kuinulia una vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa bawaba. Kipande cha chini kimefungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa ukuta wa kempa, na kipande cha juu kwenye paa. Paa likishuka, vipande hujikunja kuelekea ndani na kulaliana. Paa likisukumwa juu, hunyooka na kuwa kama ukuta mmoja. Kempa nyingi huongezewa shokapu za gesi ili kupunguza uzito unaosukumwa kwa mkono.

Mbao hizi zina kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba uzito. Paa la kilogramu 80 huweka takriban kilogramu 40 juu ya kila ubao. Mvua ikituama juu yake uzito huongezeka haraka: paa la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5 likishika maji ya kina cha sentimita 1 hubeba kilogramu 30 zaidi. Kazi ya pili ni kuzuia paa lisiyumbe kwenda kulia na kushoto upepo unapovuma. Turubai peke yake haliwezi kazi hiyo.

Plaiwudi nzima huubeba uzito huo bila shida. Udhaifu uko kwenye mstari wa skrubu za bawaba, ambako nguvu yote hupita katika matundu madogo kwenye ukingo wa ubao.

Sababu za kuharibika

Mbao haiozi kwa kulowa mara moja. Kuvu wa kuozesha huhitaji unyevu wa kudumu, na kwa kawaida mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu huwa salama. Katika kempa, maji huingia kupitia matundu ya skrubu na kingo zilizokatwa, ambako tabaka za plaiwudi ziko wazi. Paa likifungwa turubai likiwa bado bichi, unyevu hubaki ndani siku nyingi. Pumzi za watu waliolala nazo hugeuka maji kwenye mbao usiku.

Sababu ya pili ni kutu. Skrubu za chuma zikifungwa kwenye fremu ya alumini penye maji ya chumvi, metali hizo mbili huathiriana na alumini huliwa taratibu kuzunguka tundu. Hata skrubu za chuma kisichoshika kutu na bawaba za shaba huleta tatizo hilo, kwa sababu alumini ndiyo inayoliwa.

Dalili za kwanza ni paa kupanda upande mmoja kabla ya mwingine, skrubu kuzunguka bila kukaza, rangi kufura karibu na bawaba, na harufu ya ukungu. Ubao ukiendelea kutumika katika hali hiyo, bawaba inaweza kung'oka na paa kumwangukia aliyelala chini yake au anayelishusha.

Kutengeneza upya

Kabla ya skrubu yoyote kufunguliwa, paa hutegemezwa kwa nguzo nne za mbao, moja kila pembe, zilizokatwa kwa urefu sawa na kufungwa zisiteleze. Mikono ya wasaidizi haitoshi, na shokapu za gesi hazitegemewi kubeba paa peke yake. Fundi hushughulikia ubao mmoja kwa wakati, ili ule wa pili uendelee kuzuia paa lisiyumbe.

Ubao wa zamani hutolewa mzima kadiri inavyowezekana, kwa sababu ndiyo kipimo cha ule mpya. Huchorwa juu ya plaiwudi pamoja na nafasi za bawaba zote. Baadaye fremu iliyokuwa nyuma yake hudungwa kwa bisibisi. Penye mbao laini au alumini iliyoliwa hurekebishwa kwanza.

Unene una maana kubwa. Paa likiwa chini vipande viwili hulaliana, hivyo ubao wa milimita 12 ukiwekwa badala ya wa milimita 9 huongeza milimita 6 kwenye kimo cha mkunjo. Hiyo inatosha kuzuia paa lisikae vizuri na komeo zisifunge.

Plaiwudi inayofaa ni ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Plaiwudi nyeusi inayotumiwa na wajenzi kumwagia zege hustahimili maji, lakini ni nzito, na rangi au gundi haishiki vizuri juu ya utando wake mpaka ukwanguliwe kwa msasa. Kingo zake zikikatwa hunywa maji kama plaiwudi nyingine yoyote.

Hatua inayoamua umri wa kazi ni kuziba matundu. Tundu la skrubu hutobolewa kubwa kuliko skrubu yenyewe, hujazwa gundi ya epoksi, na ikikauka hutobolewa tena kwa ukubwa sahihi. Hivyo skrubu hushika kwenye epoksi na maji hayafikii mbao. Kingo zote hupakwa epoksi au rangi ya mafuta mara mbili au tatu kabla ya kufungwa. Kati ya chuma na alumini huwekwa wasa za nailoni au mpira wa kuzibia.

Bawaba moja ndefu inayofika mwisho wa ubao ni bora kuliko bawaba fupi kadhaa, kwani hugawa uzito kwenye skrubu nyingi. Bawaba fupi zikitumika, pini zake hazina budi kuwa katika mstari mmoja ulionyooka. Zikipinda, ubao hukwama na skrubu hung'oka tena.

Mwisho paa hupandishwa na kushushwa polepole mara kadhaa, huku nguzo zikiwa karibu. Maji humwagwa juu na pembeni, na ndani hukaguliwa kwa taulo kavu.

Bungu na delta ya Rufiji

Bungu ni kata ya Wilaya ya Kibiti katika Mkoa wa Pwani, Tanzania. Iko kando ya Barabara ya Kilwa, inayotoka Dar es Salaam kupitia Mkuranga kwenda Kibiti, Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji na mikoa ya kusini. Magari ya watalii yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mloka na lango la Mtemere hupita hapo kabla ya kuiacha lami Kibiti na kuelekea magharibi. Lango hilo ni la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous.

Upande wa mashariki wa wilaya kuna delta ya Rufiji yenye misitu mikubwa ya mikoko. Hewa yake ni ya joto, unyevu na chumvi, na mvua huja kwa misimu miwili: masika, takriban Machi hadi Mei, na vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Barabara za vumbi huongeza mtikisiko unaolegeza skrubu. Kwa hiyo ubao ambao ungedumu miaka mingi katika nchi kavu hapa huhitaji kukaguliwa kabla na baada ya masika.

Kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa fundi seremala anayejua kupanga bawaba za milango. Mninga na mkongo, miti inayoota katika ukanda huu, hutoa mbao ngumu zinazofaa kwa vipande vyembamba vya kukazia kingo, ingawa ubao mzima wa mninga ungekuwa mzito mno. Uvunaji wa miti hiyo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na huhitaji kibali.

Matunzo

Turubai lililolowa halifungwi likiwa bichi. Safari ikilazimu kuanza, paa hufunguliwa tena siku hiyohiyo ili likauke. Maji yaliyotuama juu hufagiliwa kabla ya kulala. Kempa iliyoteremshwa kwenye gari huwekwa juu ya vitegemeo vya chuma au matofali ili mchwa wasipande, na paa huachwa limefunguka kidogo ili hewa ipite. Skrubu za bawaba hukazwa kwa mkono. Ile isiyokaza ni ishara kwamba mbao iliyo nyuma yake imeanza kulainika, na kuweka skrubu nene zaidi huficha uozo bila kuuponya.

Tazama pia

Karavani
Plaiwudi
Wilaya ya Kibiti
Hifadhi ya Taifa ya Nyerere