Chipu kuukuu za waifai: Ni nani atakayeendelea kuzitunza?

CHIPU ya ESP8266 ni maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo mno ya kuendeshea vifaa, iliyo na redio ya waifai ndani yake. Iliundwa na kampuni ya Espressif Systems ya jijini Shanghai, Uchina, na ikaanza kujulikana ulimwenguni mnamo 2014 pale kibao cha ESP-01, kilichotengenezwa na kampuni ya Ai-Thinker, kilipoingia sokoni kwa bei isiyofika dola 5 za Marekani. Kabla ya hapo, fundi aliyetaka kukiunganisha kifaa chake na mtandao bila waya alilipa mara kadhaa ya fedha hizo.

Bei hiyo ndiyo iliyoieneza. Chipu hii imo ndani ya swichi za Sonoff, ndani ya soketi na balbu zinazowashwa kwa simu, ndani ya vipima joto na vidhibiti vya pampu za maji. Hapa Nairobi, wanafunzi wa uhandisi huinunua katika maduka ya vifaa vya elektroniki ili kutengenezea miradi yao ya mwisho wa masomo. Wengi walio nayo nyumbani hata hawajui kwamba wanayo, kwa kuwa jina lililoandikwa juu ya kifaa ni la muuzaji tu.

Programu inayoendesha kifaa cha aina hii haifanani na ile ya tarakilishi ya ofisini. Huandikwa katika kumbukumbu ya kudumu iliyo kando ya chipu na hukaa humo miaka nenda miaka rudi. Kiingereza huipa jina lenye dhana ya kitu kilicho kati ya kigumu na laini. Kiswahili hakijatulia juu ya istilahi moja, na katika makala haya tutaiita programu-msingi. Swali lililopo ni kwamba chipu yenyewe yaweza kudumu miaka 15 au zaidi bila kuharibika, ilhali programu-msingi yake huhitaji kurekebishwa kila dosari mpya ya usalama inapogunduliwa. Je, ni nani mwenye wajibu huo?

Tuanze na mtengenezaji. Espressif ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 2019 haitaongeza jambo lolote jipya katika kifurushi chake cha kwanza cha zana za kuundia programu za ESP8266, kile kisichotumia mfumo endeshi, bali itarekebisha kasoro kubwa pekee. Waundaji wa programu walishauriwa kuhamia kifurushi cha pili, kinachotegemea mfumo wa FreeRTOS. Wakati huo kampuni ilikuwa tayari na chipu ya ESP32, iliyotoka 2016, yenye nguvu zaidi na inayotumia zana tofauti kabisa. Zana hizo mpya haziihudumii ESP8266.

Ushauri wa kuhama ni rahisi kuutoa. Hata hivyo, mazingira ya Arduino, ambayo ndiyo yanayotumiwa na wapenzi wengi wa chipu hii, yalijengwa juu ya kifurushi kile cha kwanza. Isitoshe, sehemu inayoendesha redio ya waifai hutolewa na Espressif ikiwa imefungwa, bila msimbo wake asilia. Watu wa kujitolea wanaweza kurekebisha kila kitu kilichoizunguka sehemu hiyo, lakini dosari ikiwa ndani yake, hawana budi kumsubiri mwenye ufunguo.

Dosari kama hizo zimewahi kutokea. Mnamo Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu ulioitwa KRACK katika itifaki ya WPA2 inayolinda mitandao ya waifai. Ulivigusa vifaa vya kila namna, ESP8266 ikiwemo. Mnamo Septemba 2019, mtafiti Matheus Garbelini wa Singapore alichapisha dosari tatu katika chipu za Espressif. Mojawapo ilimwezesha mtu aliye karibu kuizima ESP8266 kwa kurusha hewani ujumbe mmoja uliopotoshwa, bila kuhitaji nenosiri la mtandao. Espressif ilitoa marekebisho katika visa hivyo vyote viwili.

Lakini marekebisho kutolewa Shanghai ni jambo moja, na kufika kwenye swichi iliyo ukutani ni jambo jingine. Lazima kwanza yaingizwe katika zana za waundaji. Kisha kampuni iliyotengeneza swichi iunde upya programu-msingi yake, iijaribu na kuipeleka kwa wateja kupitia mtandao. Kampuni hiyo ikiwa imefungwa, au imehamia bidhaa nyingine, mnyororo hukatika hapo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ubovu wenyewe, wala si katika chipu. Faida ya soketi inayouzwa kwa bei ya chini hivyo ni ndogo mno kumlipa mhandisi aitunze kwa mwongo mzima.

Kuna pia kikwazo cha nafasi. ESP8266 huwa na takriban kilobaiti 50 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi zinazobaki kwa programu ya mtumiaji. Mawasiliano yaliyosimbwa ya itifaki ya TLS yaweza kudai kilobaiti 16 kwa ajili ya kupokea pande moja tu la data. Vilevile, vifaa vingi vya bei nafuu vina megabaiti 1 pekee ya kumbukumbu ya kudumu. Ili kusasishwa kupitia mtandao, programu-msingi mpya huandikwa kando ya ile ya zamani kabla ya kuchukua nafasi yake. Kwa hivyo haiwezi kuzidi nusu ya nafasi iliyopo. Kila usimbaji unapoimarishwa, programu hunenepa, na nafasi haiongezeki.

Mfano mwingine ni vyeti vya usalama. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti-shina cha DST Root CA X3, kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, kilifikia ukomo wake. Kifaa kilichokuwa kimewekewa cheti hicho pekee hakingeweza tena kuiamini seva yake, hata kama hakuna kilichoharibika. Bila sasisho, kilibaki kama mlinzi anayemfungia mwenye nyumba nje kwa sababu kitambulisho anachokijua kimepitwa na wakati.

Walioziba pengo hili kwa sehemu kubwa ni watu wa kujitolea. Tasmota, mradi ulioanzishwa na Theo Arends wa Uholanzi, ungali unaunda programu-msingi kwa ajili ya ESP8266. Tatizo la megabaiti 1 waliliepa kwa werevu: kwanza hupakia toleo dogo mno lisilo na kazi ila kupokea lile kamili. ESPHome na MicroPython nazo bado zinaihudumia chipu hii. Mwishoni mwa 2018, mtaalamu Michael Steigerwald alionyesha mjini Leipzig, Ujerumani, jinsi vifaa vilivyotegemea mfumo wa kampuni ya Tuya vingeweza kubadilishiwa programu-msingi kupitia hewani. Udhaifu huo huo uliomtia hofu mwenye kifaa ndio uliompa njia ya kukimiliki kikamilifu, hadi Tuya ilipouziba.

Serikali nazo zimeanza kuingilia kati. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao atangaze muda ambao atatoa masasisho ya usalama. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu uthabiti wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, inataka utunzaji wa angalau miaka 5 kwa bidhaa nyingi, na masharti yake makuu yatatekelezwa kuanzia Desemba 11, 2027. Vifaa vilivyouzwa miaka iliyopita havipati afueni yoyote hapo.

Kwa aliye na kifaa cha zamani, lililo salama ni kukiweka katika mtandao wa wageni wa ruta yake, mbali na tarakilishi na simu za nyumbani. Akitaka kukiuza au kukitupa, akifute kwanza, maana chipu hii haina kinga ya kusimba yaliyomo katika kumbukumbu yake ya kudumu, na nenosiri la waifai laweza kusomwa na yeyote mwenye waya ufaao. Anayetaka kubadilisha programu-msingi kwa waya sharti akitenge kifaa kabisa na umeme wa ukutani, kwani sakiti za swichi nyingi za bei nafuu hazikutenganishwa na umeme huo na zaweza kuua. Umeme unaohitajika wakati wa kazi hiyo ni volti 3.3, wala si 5.