Vyakula vya mimea na ukinzani wa insulini (Eastlands, Nairobi)

Eastlands ni mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Sahani ya kawaida huko tayari ni ya mimea: ugali kwa sukuma wiki, githeri (mahindi na maharagwe), chapati madondo, chai na mandazi. Nyama huja mfuko ukiruhusu. Hata hivyo ukinzani wa insulini, hali inayotangulia kisukari cha aina ya pili, umeingia mitaani humo, kwa maana mimea haifanyi kazi sawa mwilini.

Chanzo mwilini

Insulini hutoka kwenye kongosho na kuwezesha misuli na ini kupokea sukari ya damu. Mafuta yakirundikana ndani ya viungo hivyo, huiitikia kwa unyonge. Kongosho hutoa nyingi zaidi, miaka nenda miaka rudi, hadi ichoke. Harold Himsworth wa Uingereza alitenganisha kisukari cha namna hii mwaka 1936.

Unga, maharagwe na mboga

Mahindi ya unga wa pakiti hukobolewa na kuondolewa pumba na kiini, vilimo nyuzilishe na magnesiamu. Ugali wake mweupe humeng'enywa upesi na kupandisha sukari kwa kasi. Tangu 2012 sheria inawataka wasagaji waongeze vitamini, chuma na zinki, lakini nyuzilishe hazirudishwi. Unga wa posho unaosagwa na pumba zake ni bora, ingawa wengi mjini huuona chakula cha dhiki.

Githeri inastahili heshima kuliko inayopewa. Wanga wa maharagwe, ndengu na njahi humeng'enywa polepole, na nyuzilishe zake huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, zikatoa asidi zinazosaidia mwili kuitikia insulini. David Jenkins na wenzake wa Toronto, walipopima mwaka 1981 jinsi vyakula vinavyopandisha sukari, waliikuta jamii ya kunde miongoni mwa vilivyopandisha kidogo. Makaa na gesi ni ghali, kwa hiyo wauzaji huchemsha maharagwe kwenye sufuria kubwa na kuyapima kwa kikombe kando ya barabara: huduma kubwa ya afya isiyotambuliwa.

Managu, terere, saga na mrenda zina nyuzilishe na magnesiamu, na kalori chache. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miongo kadhaa kuzirudishia hadhi mboga hizi za kienyeji. Siku hizi mama mboga huzichambua na kuzikata mteja akisubiri.

Chipsi, mandazi na chai ya sukari nyingi pia hutoka kwenye mimea. Havikingi ukinzani wa insulini.

Historia

Daktari Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya kisha hospitali ya Mulago, Kampala, alikuta kisukari ni nadra kwa Waafrika wa vijijini. Mwaka 1975 aliandika kwamba uhaba wa nyuzilishe huchangia ugonjwa huo.

Kinga

Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kwa mlo na mazoezi kulishusha hatari ya kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya dawa ya metformin (asilimia 31). Hata hivyo, mgonjwa anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya mboga.

Mlo wa Wakenya

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku.