"Leo Halitembei": Historia ya Amri Moja ya Magari katika Jiji la Mexico

Jiji la Mexico limejengwa katika bonde lililozungukwa na milima, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi yafikapo, hewa baridi hunaswa chini ya hewa yenye joto, na moshi wa magari hukosa pa kutokea. Kwa sababu hiyo, mwezi Novemba 1989 serikali ilitoa amri iliyoitwa kwa Kihispania Hoy No Circula. Karibu kila gari lilikatazwa kutembea siku moja kati ya siku tano za kazi, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake. Amri hiyo ilikusudiwa kwa majira yale tu, lakini ikafanywa kuwa ya kudumu.

Anayetaka kutafsiri jina hilo hukutana na swali. Kitenzi cha Kihispania hakibainishi kama mtenda ni mtu au kitu; Kiswahili hudai ngeli. Je, tuseme "leo hatembei" au "leo halitembei"? Historia yatujibu: lililokatazwa ni gari, si safari.

Watu walibaki na kazi zao na shule za watoto wao. Wenye uwezo wakanunua gari la pili, aghalabu kuukuu, lenye tarakimu nyingine. Watafiti Gunnar Eskeland na Tarhan Feyzioglu walionyesha kwamba kabla ya amri jiji lilikuwa likipeleka mikoani magari yaliyokwisha kutumika yapatayo 74,000 kwa mwaka. Baada yake likawa likipokea yapatayo 85,000. Mwaka 2008, Lucas Davis alilinganisha vipimo vya hewa vya kabla na vya baada, asione dalili kwamba amri ilipunguza uchafuzi. Wala abiria wa treni za chini ya ardhi hawakuongezeka.

Kinyume chake ni Stockholm, nchini Sweden. Kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari mengi yaliyoingia au kutoka katikati ya mji mchana wa siku za kazi yalitozwa ada kwa majaribio. Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Jaribio lilipokoma, yakaongezeka tena. Ada ikarudishwa Agosti 2007. Huko mzigo uliwekwa juu ya safari yenyewe, na gari la pili halikuwa njia ya kuukwepa.

Si haki kusema kwamba Mexico haikufanya lolote jingine. Petroli isiyo na risasi ililetwa mwaka 1990, na magari mapya ya kuanzia 1991 yakalazimishwa kuwa na vifaa vya kusafishia moshi. Lakini hapo ndipo penye hatari: asiyepima kila hatua peke yake huweza kuisifu amri kwa kazi iliyofanywa na nyingine, na mwenye gari moja akaendelea kulipa gharama yake bure. Hivyo basi, kabla ya kuisifu amri yoyote ya barabarani, tuulize kwanza ni nani, au ni nini, kilichokatazwa.